Chumba cha Kengele Nyuma ya Duka

Habari za Amani zikiandikwa, huanza na Wajerumani. Husemwa kwamba mwaka 1902 walianzisha pale juu taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, wakaleta mbegu kutoka kila pembe ya dunia, na kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza taasisi hiyo iliwatengenezea askari wao kwinini kutokana na magome ya miti waliyoipanda wenyewe. Kisha hutajwa Waingereza, kisha taasisi ya malaria, kisha hifadhi ya msitu iliyotangazwa mwaka 1997. Yote hayo ni kweli, na mimi mwenyewe nimeyafundisha. Lakini katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kumsimulia mwanafunzi habari za chumba kimoja kidogo kilichokuwa nyuma ya duka, kwenye barabara itokayo Muheza kupanda Amani, ambacho kwa watu wa kijiji chetu kilikuwa na maana kuliko bustani yote ya Wajerumani. Sababu ya kunyamaza kwangu nitaieleza huko mbele.

Chumba chenyewe hakikuzidi hatua nne kwa tatu. Ukiingia dukani ulikuta kaunta ya mbao, mizani ya shaba, magunia ya chumvi na mchele, na nyuma ya kaunta mlango uliofunikwa kwa pazia jekundu. Nyuma ya pazia hilo ndipo palipokuwa na hekalu. Nalitumia neno hilo kwa sababu ndilo alilolitumia baba yangu, ingawa mtu aliyezoea mahekalu ya Kisutu, Dar es Salaam, angecheka. Palikuwa na rafu ya saruji iliyojengewa ukutani, na juu yake sanamu ndogo ya Krishna akipuliza filimbi, picha ya Ganesh mwenye kichwa cha tembo, na picha ya Lakshmi amesimama juu ya ua la yungiyungi huku sarafu zikimtiririka kiganjani. Pembeni, katika fremu ya aina ile ile, palikuwa na mzee mwenye miwani, kifua wazi. Sisi watoto tulidhani naye ni mmoja wa miungu, mpaka mwalimu alipotuonyesha picha hiyo hiyo kitabuni na kutuambia kuwa ni Mahatma Gandhi.

Mbele ya picha hizo palikuwa na taa ya shaba yenye utambi uliolowekwa samli, kijisahani cha kuchomea kafuri, na kengele iliyoning'inia darini. Nje uani, katika debe la mafuta ya taa, ulipandwa mmea mdogo ambao mke wa mwenye duka aliumwagilia maji kila asubuhi, kisha akauzunguka kwa heshima. Aliuita tulsi. Mama yangu alipouona kwa mara ya kwanza alininong'oneza kwamba yule bibi anasujudia kivumbasi. Hakukosea sana, maana tulsi na kivumbasi ni ndugu wa ukoo mmoja na hata harufu zao zinakaribiana. Tofauti ni kwamba sisi kivumbasi tulikichoma ndani kufukuza mbu.

Mwenye duka tulimwita Bhai, na mkewe tulimwita Ba. Tulidhani hayo ndiyo majina yao. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba kwa Kigujarati bhai ni kaka na ba ni mama, yaani tulikuwa tukiwaita tu kama walivyoitana wenyewe kwa wenyewe. Jina halisi la Bhai lilikuwa limeandikwa kwenye leseni ya biashara, iliyotundikwa kwenye fremu juu ya makopo ya chai. Niliiona leseni ile mamia ya mara, na sikuwahi kuisoma.

Watu hao walitoka wapi hata wakafika kwetu milimani? Wahindi walikuwa wakifanya biashara katika pwani yetu kabla ya Mjerumani kuota kuwa na koloni. Katika karne ya 19 forodha ya Unguja ilikodishwa kwa muda mrefu kwa Jairam Shivji na nyumba yake, watu wa Kachi, Wahindu wa kabila la Bhatia. Wahindi kama hao ndio waliowakopesha mali wafanyabiashara wa misafara, na wawakilishi wao walikaa Pangani na Tanga wakisubiri pembe za ndovu. Wahindu wengi wa zamani walikuja peke yao. Kuvuka bahari kulihesabiwa unajisi kwa dini yao, na mwanamke alibaki nyumbani. Mtu asiye na mke hajengi hekalu. Hupanga chumba, huweka picha ukutani, na husubiri pepo za kumrudisha kwao.

Reli ndiyo iliyowapandisha bara. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902. Karibu na Muheza, pale Tengeni, ilichepuka reli nyembamba iliyokwenda hadi Sigi, chini ya Amani, kuteremsha magogo ya msituni. Reli hiyo ya Sigi ilikufa zamani. Nyumba ya mkuu wa stesheni imebaki, na siku hizi ni mahali pa kuwapokelea wageni wa hifadhi. Kipande kimoja cha chuma chake kilikuwa kengele ya shule yetu, kikining'inia kwenye mwembe. Kila reli ilipopita na kila shamba la mzungu lilipofunguliwa, palihitajika mtu wa kuuza chumvi, kaniki na viberiti, naye mara nyingi alikuwa Mhindi. Hata fedha ya Mjerumani ilikuwa rupia, ikigawanyika kwa pesa, kama fedha ya Bara Hindi. Maneno yao tumeyameza mpaka tumesahau kuwa ni ya kwao: duka, pesa, laki, hundi, cheti, na hata bepari, ambalo kwao ni mfanyabiashara tu na kwetu likaja kuwa tusi la jukwaani.

Babake Bhai alifika kutoka Kathiawar wakati wa Waingereza. Wengi wa Wahindi wa mkoa wetu walikuwa Waislamu, Waismailia na Mabohora, nao walikuwa na jamatini na misikiti yao mijini. Mabaniani walikuwa wachache. (Neno hilo siku hizi wengine huliona la dharau, sisi hatukuwa na jingine, na wao walilijibu bila kununa.) Kwa hiyo chumba kile nyuma ya duka kilihudumia watu wengi kuliko ukubwa wake. Jioni za sikukuu walikuja karani kutoka shamba moja la chai, fundi mitambo kutoka kiwanda kingine, na familia moja iliyopanda kutoka Muheza kwa gari aina ya Peugeot lililosukumwa na vijana wetu kwenye kona za matope. Walivua viatu barazani. Tulivihesabu viatu na kujua ni wangapi waliomo.

Nisipotoe picha nikadai kwamba kijiji kizima kilisali mle. Hakuna Msambaa hata mmoja ninayemjua aliyewahi kuabudu katika chumba kile, na Bhai hakumwalika mtu. Dini yao haikuwa ya kutafuta waumini. Hata hivyo maisha yetu yalizunguka pale kwa namna ambazo mtu angeziona ndogo kama asingeishi nazo.

Kwanza ilikuwa kengele. Ba aliipiga alfajiri na jua linapotua, na kijiji kisicho na saa kikaipokea kuwa saa yake. Wachumaji wa chai waliokuwa wakipanda kwenda Monga na Kwamkoro waliamka kwa kengele ile. Muadhini wa msikiti wetu mdogo, mzee aliyekuwa na utani mwingi, alikuwa akisema kwamba kengele ya Mabaniani humwamsha yeye ili naye akawaamshe Waislamu.

Pili ni maji. Barazani, upande wa kivuli, palikuwa na mtungi mkubwa na kata, na haukukauka hata siku moja. Akina mama waliokuwa wakiteremka na mizigo ya ndizi na magimbi kwenda sokoni walitua pale wakanywa. Nilipokuwa mtoto niliona ni ukarimu wa kuvutia wateja. Baadaye nilisoma kwamba huko Gujarat kumwekea mpita njia maji ya kunywa ni ibada, na kwamba watu hujenga vibanda vya maji kando ya barabara kwa ajili ya thawabu au kwa kumbukumbu ya marehemu wao. Msomaji aliyesafiri kutoka Mombasa kwenda Nairobi huenda ameila chakula cha bure katika hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa kando ya reli mwaka 1926. Dini ni nyingine, ila moyo ni huo. Mtungi wetu ulikuwa Makindu ya maskini.

Tatu, kulikuwa na vitu ambavyo Bhai hakuviuza. Hakuuza dagaa, wala nguru mkavu, wala mayai. Pombe ndiyo usiseme. Kwa ajili hiyo Mshihiri mmoja aliyefungua kibanda hatua hamsini kutoka pale alijipatia riziki nzuri kwa kuuza yale yote ambayo miungu ya Bhai iliyakataa, na wawili hao walikuwa marafiki wakubwa, wakicheza karata kila Ijumaa alasiri.

Kisha kulikuwa na vitamu. Baada ya ibada Ba alitoka na sinia ya halua ya samli na sukari iliyotiwa hiliki, akatugawia watoto waliokuwa barazani, akiweka kila fungu katika kiganja cha mkono wa kulia. Hiliki ile ilikuwa yetu. Kwetu Usambara ya mashariki hiliki hulimwa chini ya kivuli cha miti ya msituni, na ndiyo iliyokuwa fedha yetu. Baba na majirani waliikausha, wakaipeleka kwa Bhai, na punje chache zikarudi vinywani mwetu zimelowa samli. Baba alikuwa Mwanglikana wa misheni ya Magila na msaidizi wa maabara katika taasisi ya malaria, mtu aliyependa kila kitu kiwe na lebo yake. Alinikataza vitamu vile. Alinisomea maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorintho juu ya vyakula vilivyotolewa kwa sanamu, na kwa kuwa maneno hayo yana pande mbili, nilitumia upande wa pili kujitetea, ule unaosema kwamba chakula hakitusogezi kwa Mungu wala hakitutengi naye. Nilichapwa. Babu, ambaye hakubatizwa mpaka kufa, alicheka sana. Kwake yeye Bhai alikuwa akifanya kile ambacho kila mwenye nyumba hufanya. Wasambaa wana neno, kuzifya shi, kuiponya nchi. Mtu huwakumbuka wakubwa wake ili mvua inyeshe na watoto wapone. Babu alisema yule Mhindi angalau anafanya tambiko lake kila siku, siyo kama sisi tunaongoja ukame.

Lakini jambo lililokifunga chumba kile na maisha yetu kuliko yote lilikuwa kitabu.

Mwezi wa Oktoba au Novemba, usiku usio na mwezi, ilikuwa Diwali. Nakumbuka vizuri ile ya mwaka 1962, nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa kuwa usiku ule Bhai aliniita ndani ya pazia nikamshikie taa. Mvua za vuli zilikuwa zinaanza. Barazani paliwashwa visahani vya udongo vyenye mafuta, safu nzima, na watu walitoka mpaka vijiji vya mbali kuja kutazama. Ndani, mbele ya Lakshmi, palikuwa na vitabu vipya vya hesabu, virefu na vyembamba, majalada yake ya kitambaa chekundu. Bhai alifungua ukurasa wa kwanza, akachora kwa rangi nyekundu alama ya msalaba uliokunjwa mikono. (Niliishiwa nguvu miaka michache baadaye nilipoiona alama inayofanana nayo katika somo la historia, kwenye bendera ya Hitler. Kwa Wahindu ilikuwa alama ya heri maelfu ya miaka kabla ya huyo hajazaliwa.) Akaandika neno moja fupi, Shri, mara moja, chini yake mara mbili, chini yake mara tatu, mpaka yakafanya umbo la mlima. Akaweka sarafu juu ya ukurasa, na jani la tambuu, na punje za hiliki. Kisha akaandika tarehe, akaniambia kwa fahari kwamba tumeingia mwaka 2019. Nilimtazama usoni kuona kama anatania. Tanganyika ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja tangu uhuru, naye Bhai alikuwa tayari yuko mwaka 2019. Ndivyo kalenda yao inavyohesabu.

Vitabu vile ndimo tulimokaa sisi sote. Kitabu cha zamani kilifungwa usiku ule, na kila deni ambalo halikulipwa lilihamishiwa kipya. Kwa hiyo siku chache kabla ya Diwali baraza lilijaa watu wazima waliokuja kupunguza. Mtu alileta debe la hiliki, mwingine shilingi tano, mwingine kuku, akakumbushwa kwamba pale kuku hapokelewi, akaenda kumuuza kwa Mshihiri na kurudi na fedha. Haikuwa vizuri jina lako livuke Diwali bila hata senti moja kupungua. Hilo halikuandikwa popote, ila lilijulikana hata kwa watoto.

Nilipokuwa nafundisha historia ndipo nilipoelewa uzito wa jambo hilo. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Waingereza katika Tanganyika iliweka sheria ya kuzuia Mwafrika asikopeshwe na mtu asiye Mwafrika isipokuwa kwa idhini ya ofisa wa serikali. Deni lisilo na idhini lilikuwa halidaiki mahakamani. Walisema wanatulinda. Inawezekana walitulinda na baadhi ya wadanganyifu. Lakini pia sheria hiyo ilimfanya Mwafrika aonekane kama mtoto asiyejua kuahidi, na ikamfunga mikono mkulima aliyetaka kununua mashine au lori. Sasa fikiri duka la kijijini. Bhai alikopesha sare za shule, mablanketi, majembe na mafuta ya taa, na kwa miaka yote ya ukoloni hakuwa na hakimu wa kumkimbilia. Alikuwa na kitabu chekundu, Lakshmi, na macho ya majirani. Kwa upande wetu tulikuwa na mtu ambaye hawezi kutufunga wala kutunyang'anya shamba. Pande zote mbili zilitegemea aibu, na aibu hiyo ilikuwa na tarehe yake katika mwaka, na chumba chake.

Wahenga wa Kiswahili wamesema, Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Sitaki kumpamba Bhai. Bei ya hiliki aliipanga yeye, na bei ya kaniki aliipanga yeye pia, na kati ya hizo mbili ndipo alipokula. Baba alikuwa na hakika kwamba ile mizani ya shaba ilikuwa na uzito mmoja wa kununulia na mwingine wa kuuzia, ingawa hakuwahi kuthibitisha. Kitabu kiliandikwa kwa Kigujarati, na hapakuwa na mmoja wetu aliyeweza kusoma anachodaiwa. Mtoto wa Bhai alisoma Tanga katika shule ya Wahindi wakati mimi nilikalia tofali. Alitusalimu kwa Kisambaa kila asubuhi, lakini katika miaka yote ile sikumbuki mtu wa kwetu kukaribishwa kula mezani kwake, wala yeye kula kwetu. Mambo hayo ni kweli kama maji ya mtungi yalivyokuwa kweli, na nikitaja upande mmoja bila mwingine nitakuwa nimedanganya.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 niliyasema kwa sauti kubwa yale ya upande mmoja. Nilikuwa kijana, nikaenda chuo cha ualimu na sanduku la bati, blanketi na viatu, vyote vimetoka kwa Bhai kwa mkopo wa baba. Na huko chuoni nikajifunza kumwita bepari. Mwezi wa Aprili 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakai ndani yake yote. Duka la Bhai halikukaribia thamani hiyo hata kidogo. Ila ndugu zake mjini walipoteza nyumba zao, na mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 za kuondoka. Bhai aliacha kuagiza mali. Kwenye ukuta wa duka alikuwa ametundika picha ya Mwalimu Nyerere tangu uhuru, na nyuma ya pazia ile ya Gandhi, lakini sidhani kama usiku mmoja uliwahi kumpa usingizi kwa nguvu ya picha hizo.

Aliondoka mwanzoni mwa mwaka 1973. Waingereza walikuwa wameshaweka sheria mwaka 1968 ya kuwazuia hata wenye pasipoti zao, kwa hiyo alingoja kibali kwanza Tanga. Mimi nilikuwa likizo. Kwa wiki nzima aliwaita wadaiwa mmoja mmoja. Waliolipa alifuta majina yao mbele yao. Wengi hawakulipa, na wengine waliona haya kuja. Sanamu ya Krishna aliifunga katika shuka na kuibeba mwenyewe, hakumpa mpagazi. Kengele aliishusha darini. Kisha akaja nyumbani kwetu jioni, mara ya kwanza na ya mwisho kuketi katika kiti chetu, akampa baba ufunguo.

Baba alikuwa anadaiwa shilingi 84, zile za sanduku na viatu vyangu. Alikuwa na shilingi 30 mkononi. Bhai hakuzipokea. Alisema, "Bwana, weka kwanza. Nikirudi tutafanya hesabu." Halafu akaomba jambo moja: chumba cha nyuma kisitiwe nyama, wala samaki, wala pombe. Baba akasema, "Nimesikia," na kwa mtu wa rika lake hiyo ilikuwa ahadi kamili.

Sasa nafika kwenye sehemu yangu. Mwaka 1976 nilikuwa mwalimu kijijini kwetu, na kwa kuwa naandika vizuri nilifanywa katibu wa vikao. Ilikuwa wakati wa Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yanafungwa na kila kijiji kinatakiwa kuwa na duka lake. Katika mkutano mmoja liliulizwa suala la jengo la Mhindi. Mwenyekiti alitaka kujua kama lina mwenyewe. Watu walinyamaza. Baba alikuwa amekaa nyuma, chini ya mwembe. Mimi ndiye niliyejibu kwamba halina mwenyewe, na mimi ndiye niliyeandika katika muhtasari, kwa mwandiko wangu mzuri: jengo lililotelekezwa. Jioni nilimwomba baba ufunguo. Alinyanyuka, akautoa ndani ya Biblia alimokuwa ameuhifadhi, akanikabidhi, akarudi kukaa. Hakusema neno.

Duka la kijiji lilifunguliwa. Chumba cha nyuma kikawa ghala, na kwa kuwa rafu ya saruji ilikuwa kavu na iko juu, haifikiwi na panya, ndiyo iliyowekwa magunia ya dagaa. Tulsi ilikauka debe lake lilipochukuliwa kuchotea maji. Mtungi wa barazani ulivunjika mwaka ule ule, na katika kikao tulikubaliana kununua mwingine; muhtasari ninao mpaka leo, na mtungi haukununuliwa. Duka lenyewe halikumaliza miaka mitatu. Mahesabu yake yaliandikwa kwa Kiswahili safi, kila mtu aliweza kuyasoma, na fedha zilipotea hivyo hivyo.

Baba hakuingia katika duka lile hata siku moja. Chumvi yake aliifuata Kisiwani kwa miguu, kwenda na kurudi, mzee wa zaidi ya miaka sitini, na mvua za Amani zinajulikana. Nikimtuma mtoto ampelekee kilo ya chumvi kutoka dukani kwetu aliipokea kwa shukrani, akaiweka, nayo ikakaa pale mpaka ikageuka maji. Hatukuwahi kulizungumza. Alikufa mwaka 1989. Siku za mwisho aliniuliza kama kuna barua iliyotoka kwa Bhai, nikamwambia hakuna. Ilijulikana tu kwamba alifika Leicester, Uingereza, kama wengi wao.

Nilistaafu mwaka 2010, na mwaka uliofuata nilikwenda Dar es Salaam kwa ajili ya karatasi za pensheni. Shilingi 84 wakati huo hazikutosha hata pipi, kwa hiyo nilikuwa nimeamua kulikumbuka deni kama baba alivyolikumbuka: kwa hesabu yake ilikuwa debe moja la hiliki kavu. Si rahisi kuipata kama zamani. Wakulima wengi wa upande wa Derema walikuwa wamelipwa fidia ya mihiliki yao na kuupisha msitu wa hifadhi, na wengine bado wananung'unikia fidia hiyo. Nilinunua kidogo kidogo kwa majirani kwa muda wa miezi miwili. Niliibeba kwenye basi nikiwa nimeipakata, na abiria wote walisafiri wakinukia pilau.

Kisutu ni mtaa wa mahekalu, moja baada ya jingine. Niliingia lile ambalo kengele yake ilikuwa inalia, nikavua viatu, nikamweleza mhudumu kwamba nimeleta hiliki kwa niaba ya marehemu baba yangu, kulipa deni la mwenye duka mmoja wa kwetu milimani. Alikuwa kijana mpole. Aliita mzee mmoja, wakaongea Kigujarati, mzee akaingiza mkono katika mfuko, akanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakaleta daftari. Yule kijana akanyanyua kalamu na kuniuliza, "Mzee, tuandike ni ya nani? Huyo mwenye duka aliitwa nani?"

Nikamwambia tulimwita Bhai.

Akatabasamu kwa adabu, akasema, "Mzee, hapa wote ni Bhai," na akaendelea kunitazama, kalamu ikiwa juu ya ukurasa, akingoja nikumbuke.